Kabla ya kupaka rangi, pindua kiti

Nikiletewa kiti cha chuma cha bustani kilichoshika kutu, kitu cha kwanza nakipindua. Mara nyingi juu rangi bado inang'aa, ila ukivua vile vifuniko vya mpira vya miguuni, chuma kimeshakuwa ungaunga. Mvua inayopiga mgongo wa kiti hukauka juani. Maji yaliyotuama ndani ya kifuniko hayana pa kwenda, na kutu haihitaji zaidi ya maji na hewa. Ukiwa karibu na bahari, chumvi huiongezea kasi.

Bomba lenyewe la mguu ni hivyo hivyo, maji hutuama ndani. Nimewahi kukata mguu wa meza uliokuwa safi kwa nje, magamba ya kutu yakamwagika kama majani ya chai. Siku hizi natoboa tundu la milimita 6 sehemu ya chini kabisa ya kila bomba ili maji yatoke, na natoboa kabla ya kupaka, ili kingo za tundu nazo zipate rangi.

Kupaka juu ya kutu ni kazi bure. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholika, kwa hiyo huvimba na kuibandua rangi. Yale malengelenge unayoyaona ndiyo hayo. Kwangua kwa brashi ya waya, kisha msasa namba 80, umalizie na 120 pale rangi ya zamani inapokutana na chuma, mpaka kidole kisihisi ngazi. Futa kwa tina, kile kimiminika cha kuyeyushia rangi, na upake praima, yaani rangi ya kwanza ya kushika chuma, siku hiyo hiyo, maana chuma kitupu kwenye unyevu hubadilika rangi ndani ya saa chache.

Hapa ndipo wengi wanapokosea: kingo. Rangi mbichi hukimbia ncha kali na kuacha utando mwembamba, ndiyo maana kutu hupenda kuanzia hapo. Zipige tupa ziwe butu, kisha paka kingo na maungio ya kuchomelea peke yake kwa brashi ndogo, ikikauka ndipo upake kiti kizima.

Chuma kilichochovywa zinki usikipake rangi ya mafuta moja kwa moja. Rangi hiyo ikikutana na zinki hutengeneza utando kama sabuni, na baada ya muda inabanduka vipande vipande. Tafuta praima iliyotengenezwa kwa ajili ya zinki.

Vile vifuniko vya mpira navyo vitoboe chini kabla ya kuvirudisha.