Jipu la mapafu: usaha kifuani, chanzo mdomoni

Si kila pango, yaani tundu ndani ya pafu, linaloonekana kwenye picha ya eksirei ni kifua kikuu. Wagonjwa hufika kliniki ya kifua wakiwa na bahasha ya picha mkononi na wamekwisha kukata tamaa, kumbe walichonacho ni jipu la mapafu, na bakteria waliolileta wametoka mdomoni mwao wenyewe.

Kinywa cha kila mtu kina bakteria. Baadhi yao, kama fusobakteria, hawapendi oksijeni, hivyo hujificha kati ya jino na ufizi, na penye ukoga na meno mabovu huzaliana mno. (Kibogoyo ni nadra kupata jipu la aina hii.) Mate yakiingia njia ya hewa, mtu mwenye fahamu hupaliwa, akakohoa, yakatoka. Aliyelewa chakari, aliyeanguka kifafa au aliyepigwa na kiharusi hakohoi ipasavyo. Mate hushuka, mara nyingi pafu la kulia, kwa kuwa mrija wake ni mpana na umenyooka zaidi. Baada ya wiki 1 au 2 nyama ya pafu huoza, ikabaki tundu lenye usaha. Kwenye picha utauona umetulia kama maji kikombeni, na hewa juu yake.

Homa, jasho la usiku, kukonda, kikohozi cha wiki kadhaa: yote hayo TB nayo inayo. Lakini jipu likipasukia njia ya hewa, mgonjwa hutema makohozi mengi yenye uvundo, hata wa kitanda cha jirani akageukia ukutani. Wengi huona aibu kuutaja uvundo huo. Mwambie daktari. Makohozi yatapimwa TB vilevile, maana harufu peke yake haitoshi.

Tiba ni antibiotiki, kwa mfano amoksisilini yenye klavulaneti, kwa wiki 3 hadi 6, pengine zaidi. Homa hushuka mapema, na hapo ndipo watu huacha vidonge wakati tundu bado lipo. Metronidazo peke yake, ile inayokimbiliwa duka la dawa, haitoshi. Wachache huhitaji kutolewa usaha kwa mrija au kupasuliwa. Daktari wa meno naye lazima aonwe.

Na nyumbani, aliyeanguka kifafa mlazeni ubavu. Msimmiminie maziwa wala maji mdomoni, na kijiko kiacheni jikoni.