Msimamizi wa mirathi si mwenye mali

Tanga limeanuliwa, majamvi hayajakunjwa, na baba mkubwa anasimama uani pale Nkuhungu kutangaza kwamba kuanzia leo nyumba hii na shamba la zabibu la Hombolo viko chini ya mtoto wa kwanza. Wazee wanatikisa vichwa, kikao kimefungwa. Mirathi nyingi hapa Dodoma huanza hivyo, na dhana potofu nazo huanzia hapo hapo.

"Ukoo umeshamteua msimamizi." Ukoo hupendekeza tu. Anayeteua ni mahakama, baada ya kupokea maombi na cheti cha kifo na kutoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze. Muhtasari wa kikao husaidia, lakini ukiupeleka peke yake benki utarudishwa nao. Wala mahakama hailazimiki kumteua mtoto wa kwanza au wa kiume. Mjane anaweza, binti anaweza. Mimi ningempendekeza yule anayetunza risiti.

"Msimamizi ndiye mwenye mali." Hii ndiyo inayogombanisha ndugu. Barua ya usimamizi, ile anayopewa na mahakama akishateuliwa, inampa mtu kazi: akusanye mali, alipe gharama za mazishi na madeni, kisha awagawie warithi. Katika Mahakama ya Mwanzo, ndani ya miezi 4 tangu ateuliwe anatakiwa kurudisha Fomu Na. 5 yenye mali zote na madeni yote: kiwanja, ng'ombe, salio la kwenye simu, hata deni la mbolea. Hesabu za alichokusanya, alicholipa na alichogawa huingia Fomu Na. 6. Wengi wakishaipata barua hawakanyagi tena mahakamani. Basi mrithi asikae kulalamika jikoni. Aende kwenye mahakama ile ile, msimamizi aitwe ajieleze. Hakimu akiona kazi imeharibika anaweza kumwondoa na kumweka mwingine.

"Mkristo hafungui mirathi Mahakama ya Mwanzo." Mahakama hiyo hushughulikia mirathi ya kimila na ya Kiislamu, lakini jina la ubatizo peke yake haliamui. Kinachoangaliwa ni jinsi marehemu alivyoishi. Mgogo aliyebatizwa na bado akaendesha maisha yake kimila, mirathi yake inaweza kufunguliwa hapo.

"Mjane hana chake." Ni kweli kwamba kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zinambana mjane. Ila kabla ya kugawa, mjue kwanza kipi kilikuwa cha marehemu. Walichochuma pamoja, sehemu ya mke ni mali yake, haimo kwenye mirathi. Na kwa ardhi ya kijijini, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 haiitambui mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi.

"Tumeshachelewa." Kuchelewa hakufungi mlango. Kwa maombi yanayopelekwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, ikipita miaka 3 tangu kifo, mwombaji hueleza sababu za kuchelewa. Mjini hapa zipo familia zenye karatasi za kiwanja za CDA, mamlaka ya ustawishaji makao makuu iliyovunjwa mwaka 2017, na jina lililoandikwa ni la babu aliyezikwa zamani. Wajukuu wanataka kuuza. Mnunuzi mwenye akili atawauliza kitu kimoja kabla hajatoa hata shilingi: barua ya mahakama iko wapi?