Pedi ya ndani imekwisha, ya nje bado nzima: usikimbilie kulaumu pedi

Wengi wakikuta pedi moja ya breki imelika hadi chuma na mwenzake bado nene, husema, "Pedi feki hizi," wananunua seti nyingine na kuondoka. Baada ya muda hali ni ileile. Mara nyingi pedi haina kosa. Kosa liko kwenye kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski.

Kwenye SUV nyingi za familia, kalipa ina pistoni upande wa ndani tu. Pistoni husukuma pedi ya ndani, kisha kalipa nzima huteleza juu ya pini mbili ili kuivuta ya nje. Pini zikishika kutu, kalipa haitelezi, na pedi ya ndani hubeba karibu kazi yote. Pedi ikilika kimshazari, yaani upande mmoja zaidi ya mwingine, huenda pini moja tu ndiyo imekwama, au masikio ya pedi (ncha zake za pembeni) yamebana kwenye fremu yake.

Pima kwa mkono: fungua kalipa, vuta kila pini. Inapaswa kutoka laini. Ikigoma, isafishe, paka grisi ya silikoni ya breki na badilisha mpira wa kukinga pini kama umechanika. Tafadhali usitumie grisi ya kawaida, maana huvimbisha mpira na pini inakwama upya.

Pini zikiwa sawa, rudisha pistoni taratibu. Ikikataa, legeza nati ya kutolea upepo iliyo kwenye kalipa. Ikirudi hapo, huenda mpira wa kupitisha mafuta ya breki umeziba. Isiporudi, huenda pistoni yenyewe imeshika.

Pedi mpya zifungwe magurudumu yote mawili ya ekseli hiyo.