Je, Wajua Kwa Nini Farasi Aliyefika wa Kwanza Anaweza Kunyimwa Ushindi?

Ukitoka Ubungo asubuhi ukashika barabara ya Morogoro, kilometa 160 zitakupitisha Kibaha, Mlandizi na Chalinze, na utakuwa umebakiza kidogo tu kuingia Morogoro mjini. Sasa piga picha umbali huo wote unamalizwa kwa siku moja juu ya mgongo wa farasi. Hizo ni mbio za ustahimilivu, na zina sheria moja inayowashangaza wanaozisikia kwa mara ya kwanza: anayevuka mstari mbele ya wenzake bado hajashinda. Lazima daktari wa mifugo amkague farasi wake kwanza. Farasi akichechemea, au moyo wake ukigoma kutulia, jina la mpandaji linafutwa, hata kama aliwaacha wenzake mbali.

Sababu kubwa iko kwenye jasho.

Misuli ya farasi inapofanya kazi, karibu robo tatu ya nguvu inayotumika hugeuka joto. Mnyama huyu ana kilo 400 na zaidi, na ukilinganisha na uzito huo, ngozi ya kulitoa joto hilo ni ndogo kuliko yetu. Kwa hiyo hutoka jasho jingi mno, lita 10 hadi 15 kwa saa akiwa kwenye kazi ngumu. Jasho hilo lina chumvi nyingi kuliko la binadamu. Hapo ndipo penye hatari. Sisi tukitoka jasho, chumvi iliyobaki kwenye damu hukolea zaidi, na ubongo unatuambia tuna kiu. Farasi hupoteza maji na chumvi kwa pamoja, hivyo anaweza kuwa amekauka vibaya na bado akapita kwenye ndoo ya maji bila kuigusa. Mwili haujamwambia. Na kwa kuwa ni mnyama anayemtii aliyempanda, ataendelea kukimbia.

Ndiyo maana mbio hukatwa vipande, na kila kipande huishia kwenye kituo cha ukaguzi. Farasi aliyepumzika ana mapigo ya moyo 28 hadi 44 kwa dakika. Kituoni, kipimo kilichozoeleka ni yashuke hadi 64 ndani ya dakika 15. Daktari hufinya ngozi aone inarudi upesi kiasi gani, hutazama rangi ya ufizi, kisha husikiliza tumbo kwa kipimo chake. Tumbo linalonguruma ni habari njema. Likiwa kimya, maana yake damu imekimbilia kwenye misuli na ngozi, utumbo umeachwa, na msokoto wa tumbo unaweza kufuata. Farasi hawezi kutapika, kwa hiyo msokoto kwake unaweza kuwa kifo. Mwishoni hukimbizwa taratibu akiwa ameshikwa kamba, ionekane kama anachechemea.

Kinachonipendeza zaidi ni hesabu ya muda. Kwenye vituo vya njiani, saa haisimami mpaka farasi aletwe kwa daktari akiwa ametulia, kwa hiyo anayemchapua mnyama wake afike akiwa anawaka moto hapati faida yoyote. Dakika za kumpoza zinamla yeye mwenyewe.

Sisi wa Dar tunaweza kulielewa hili kuliko wengi. Pita Kariakoo saa saba mchana mwezi Machi: shati limeganda mgongoni, jasho linatiririka wala halikauki, kwa sababu hewa yenyewe imejaa unyevu. Jasho lisilokauka halipozi mwili. Septemba 2018, kwenye mashindano ya dunia huko Tryon, Marekani, joto na unyevu vilizidi hadi mbio zilizopangwa kuwa za kilometa 160 zikafutwa katikati. Farasi zaidi ya 50 walihitaji matibabu, na mmoja figo zake zilishindwa, akalazimika kukatishwa maisha. Naamini uamuzi wa kusimamisha ulikuwa sahihi, na ulistahili kuja mapema.

Kwenye hali kama hiyo dawa ni maji mengi ya baridi, yamwagwe mwili mzima, tena na tena. Wapo wanaoamini bado kwamba maji baridi humdhuru farasi mwenye joto. Utafiti uliofanywa kabla ya Olimpiki ya Atlanta ya 1996 ulionyesha kwamba yanampoza vizuri bila kumdhuru.

Mbio mama za mchezo huu, Tevis Cup za California, zilianza mwaka 1955. Tangu 1964 kuna kikombe cha pili, Haggin Cup, wanachoshindania farasi kumi wa kwanza kufika. Wanakaguliwa asubuhi ya pili yake, baada ya usiku wa kupumzika, na kikombe huenda kwa aliyeamka na afya njema kuliko wenzake. Aliyefika wa saba anaweza kukitwaa mbele ya aliyefika wa kwanza.