Flora MacDonald hakuwa mpenzi wa mwanamfalme

Wengi huamini kwamba Flora MacDonald, mwanamke wa Uskoti, alimwokoa mwanamfalme Charles Edward Stuart kwa sababu ya mapenzi. Si kweli. Baada ya jeshi lake kushindwa na jeshi la serikali katika mapigano ya Culloden, Uskoti, Aprili 1746, Charles, mjukuu wa mfalme wa Uingereza aliyepinduliwa, alisakwa na serikali katika visiwa vya magharibi mwa Uskoti. Atakayemkamata aliahidiwa pauni 30,000. Flora alikutana naye Juni mwaka huo, na mwanzoni alisita kabisa kuukubali mpango wa kumtorosha. Kumfanya mpenzi ni kumdhulumu: alihatarisha maisha yake kwa ajili ya mtu aliyekuwa mgeni kwake.

Vibali vya safari vilitolewa na baba wa kambo wa Flora, ofisa wa wanamgambo wa serikali yenyewe! Kimoja kilikuwa cha "Betty Burke", mtumishi wa kike kutoka Ireland. Aliyevaa gauni la Betty alikuwa Charles. Walivuka usiku kwa mashua kutoka kisiwa cha Benbecula hadi kisiwa cha Skye, pamoja na wapiga makasia, na siku chache baadaye wakaagana Portree, huko huko Skye. Hawakuonana tena. Flora alikamatwa, akashikiliwa London hadi 1747, na mwaka 1750 akaolewa na Allan MacDonald.