Je, wajua kwa nini kuna gesi chini ya bahari ya Lindi na Mtwara?

Jibu fupi: kwa sababu Madagaska iliondoka.

Ukitazama ramani utadhani kisiwa kile kilimeguka kutoka Msumbiji, maana ndiko kinakotazamana nako leo. Sivyo. Enzi za Gondwana, bara kuu la kale lililounganisha Afrika na mabara mengine ya kusini, kilikuwa kimeshikana na Tanzania, Kenya na Somalia. Kabla hawajaachana, ardhi ilivutika kwa vipindi kwa zaidi ya miaka milioni 100. Donge la unga wa chapati ukilivuta hukonda katikati kabla ya kukatika. Ganda la dunia nalo lilikonda hivyo, likadidimia, mabonde ya ufa yakatokea, na mito ikayajaza mchanga na tope. Miaka milioni 170 hivi iliyopita likakatika, bahari ikaingia.

Kinachonishangaza mimi ni safari yenyewe. Madagaska haikwenda mashariki, iliteleza kusini sambamba na pwani yetu kwa mamilioni ya miaka. Alama yake ni mgongo wa Davie, safu ya vilima iliyolala kaskazini-kusini chini ya maji ya Mlango wa Msumbiji. Wakati huo mijusi wakubwa (dinosaria) wa Tendaguru, Lindi, walikuwa wakiishi kando ya bahari hiyo changa: matabaka yenye mifupa yao yamepishana na matabaka ya mashapo (mchanga na tope lililotuama) ya baharini. Yule ambaye mifupa yake imesimamishwa makumbusho ya Berlin, Ujerumani, anayeulizwa hata bungeni atarudi lini, ni mtu wa pwani kabisa.

Tope lenye mabaki ya viumbe likazikwa chini ya kilomita kadhaa za mashapo, mito kama Rufiji na Ruvuma ikizidi kuleta mengine. Kwa joto la huko chini mabaki hugeuka mafuta, na joto likizidi, gesi. Gesi hupanda taratibu ndani ya mawe ya mchanga yenye vitundu, mpaka ikwame chini ya tabaka la udongo mgumu lisilopitisha kitu.

Gesi ya kisiwa cha Songo Songo, Lindi, iligunduliwa mwaka 1974, ya Mnazi Bay, Mtwara, 1982. Kuanzia 2010 wachimbaji wakaenda kwenye kina kirefu, wakapata Pweza, Chewa, Zafarani, Tangawizi. Aliyevipa visima majina hayo bila shaka alikuwa na njaa. Gesi ya Songo Songo ilianza kufua umeme Ubungo, Dar es Salaam, mwaka 2004.