Marekebisho ya Katiba ya Marekani Bado ni 27: Ufafanuzi kwa Wanaojiandaa na Usaili wa Uraia

Katika madarasa yetu ya kuwaandaa wazungumzaji wa Kiswahili kwa mtihani wa uraia wa Marekani, kuna swali ambalo zamani halikuwa na matata: Katiba ina marekebisho mangapi? Siku hizi linagawa darasa. Mama mmoja mzaliwa wa Uvira alijibu kwa uhakika, "Ishirini na nane, mwalimu. Rais alitangaza mwenyewe, video ninayo kwenye simu." Video ni ya kweli. Jibu si sahihi. Na kwa kuwa maswali ya aina hii yanazidi kutufikia, tumeona tuyafafanue kwa maandishi.

Tarehe 17 Januari 2025, siku tatu kabla ya kuondoka Ikulu, Rais Joe Biden alisema kuwa kwa maoni yake Marekebisho ya Haki Sawa, yanayokataza kumnyima mtu haki kwa sababu ya jinsia yake, yameshakuwa sehemu ya Katiba. Hapa tuelewane, maana tumelirudia jambo hili mpaka koo zimekauka: rais wa Marekani hana nafasi katika kurekebisha Katiba. Hasaini, wala hana kura ya turufu. Mahakama ya Juu iliamua hivyo mwaka 1798, na hadi leo haijaamua vinginevyo.

Utaratibu uko kwenye Kifungu cha 5. Pendekezo hupitishwa na theluthi mbili ya Baraza la Wawakilishi na theluthi mbili ya Seneti. Ipo njia nyingine, ya majimbo 34 kuitaka Kongresi, yaani mabaraza hayo mawili kwa pamoja, iitishe mkutano wa katiba, lakini haijawahi kutumika. Kisha robo tatu ya majimbo, yaani 38 kati ya 50, lazima yaridhie. Jimbo likisharidhia hutuma nakala ya azimio lake kwa Mtunza Nyaraka wa Taifa mjini Washington. Ofisi iliyo chini yake hukagua nakala hiyo na kuitunza. Zikitimia 38, Mtunza Nyaraka hutoa cheti, nacho huchapishwa katika gazeti rasmi la serikali. Marekebisho ya Haki Sawa hayajapewa cheti hicho.

Kwa nini, ilhali majimbo 38 yameridhia? Hapa ndipo wanazuoni wanapovutana, na hoja za pande zote zina uzito. Kongresi ilipitisha pendekezo tarehe 22 Machi 1972 na kuweka muda wa miaka saba. Kufikia 1977 majimbo 35 yalikuwa yameridhia. Matano baadaye yalitaka kujitoa. Kongresi ikasogeza muda hadi 30 Juni 1982, na hakuna jimbo lililoongezeka. Kisha, baada ya ukimya mrefu, Nevada ikaridhia 2017, Illinois 2018, na Virginia, ya 38, Januari 2020.

Profesa Laurence Tribe na wenzake wanasema muda ule hauna nguvu, kwa sababu uliandikwa kwenye utangulizi wa azimio, si ndani ya maneno yenyewe ya marekebisho, tofauti na yale ya 18 ya kupiga marufuku pombe. Wanataja pia marekebisho ya 27, kuhusu mishahara ya wabunge: yalipelekwa kwa majimbo 1789 na kukamilika 1992, baada ya miaka 202. Aliyeyafufua ni Gregory Watson, mwanafunzi wa Texas ambaye insha yake kuhusu jambo hilo ilipewa alama ya C. Kwao, cheti ni kazi ya karani tu.

Upande wa pili unajibu kwamba marekebisho ya 27 hayakuwekewa muda wowote, na kwamba mwaka 1921 Mahakama ya Juu ilikubali Kongresi ina mamlaka ya kuweka muda. Februari 2023 mahakama ya rufaa mjini Washington ilizikatalia Illinois na Nevada, zilizotaka Mtunza Nyaraka alazimishwe kutoa cheti, na Desemba 2024 Mtunza Nyaraka alieleza kuwa hawezi kuyathibitisha. Maoni yangu binafsi, si ya ofisi: hoja ya majimbo kujitoa ni dhaifu, kwani Ohio na New Jersey zilijitoa 1868 na bado zikahesabiwa katika marekebisho ya 14. Hoja ya muda ndiyo ngumu kuivuka.

Kwenye usaili, basi, jibu ni 27. Aliyewasilisha ombi kuanzia 20 Oktoba 2025 huulizwa hadi maswali 20 na hufaulu kwa 12. Afisa husimamisha maswali mwombaji akifikisha majibu 12 sahihi au 9 yasiyo sahihi. Waliotangulia huulizwa hadi 10 na hufaulu kwa 6. Ukishindwa, unaitwa mara moja zaidi kati ya siku 60 na 90, kwa sehemu uliyoshindwa pekee. Ukishindwa tena ombi linakataliwa, na ukitaka kuendelea unajaza fomu N-400 upya na kulipa ada upya. Kujibu 28 kwa kutojua si udanganyifu. Lakini tafadhali, usimwoneshe afisa video.

Yule mama hakuridhika. "Kwa hiyo wanawake hapa hawana usawa?" Wanao, kwa sehemu kubwa, ila kwa njia ya tafsiri ya majaji. Marekebisho ya 14 yanaahidi kila mtu ulinzi sawa wa sheria bila kutaja jinsia. Mwaka 1971 Mahakama ya Juu iliyatumia kufuta sheria ya Idaho iliyompendelea mwanamume kusimamia mirathi. Mwaka 1996 Jaji Ruth Bader Ginsburg aliandika hukumu iliyofungulia wanawake chuo cha kijeshi cha Virginia. Profesa David Strauss anasema kwa njia hiyo sheria ilifika karibu palepale ambapo Marekebisho ya Haki Sawa yangeifikisha. Jaji Antonin Scalia, aliyepinga peke yake 1996, alishikilia kuwa maneno ya marekebisho ya 14, ya mwaka 1868, hayakubeba maana hiyo, na kwamba mabadiliko ni kazi ya wananchi na wabunge wao. Tena kilichotolewa na majaji, majaji wanaweza kukiondoa: mwaka 2022 walifuta haki ya kutoa mimba waliyoitambua 1973.

Ginsburg alilijua hilo, na aliyataka Marekebisho ya Haki Sawa yaandikwe. Hata hivyo Februari 2020, wiki chache baada ya kura ya Virginia, alisema angependa kazi ianze upya. Maana yake theluthi mbili tena, na majimbo 38 tena.